Saa ya Wabeba Machela

Niliivua kwa meno, mbele ya mkutano wote wa kitongoji.

Mwenyekiti alikuwa amejaribu kwanza yeye mwenyewe. Alinishika mkono wa kushoto, ndio mkono nilionao, akaanza kuhangaika na mkanda, anavuta huku, anasukuma kule, hajui unafunguliwa wapi. Haukufunguka. Watu wakaanza kucheka, wengine wanamcheka yeye, wengine wananicheka mimi niliyesimama kama ng'ombe anayechanjwa. Ningekuwa na mkono wa kulia ningemsukuma. Wa kulia ulibaki Korogwe, kwenye korona, ile mashine inayochuna jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi. Basi nikasimama tu. Akachoka, akaniachia, akasema kwa ile sauti yake ya mikutano, akiniita kama wanaume wa kwetu tunavyoitana, "Mgosi, fungua mwenyewe. Unawachelewesha watu."

Nikainama, nikaushika mkanda kwa meno, nikauvuta kama nilivyouvuta kila siku nikienda kuoga. Saa ikalegea, ikateleza mpaka kiganjani. Akaichukua. Hakuitia kwenye kiroba walimokuwa wametia jaketi na kofia za watu. Aliitia mfukoni mwa shati lake.

Naomba unayesoma urudie hapo. Aliitia mfukoni mwa shati lake.

Kuna kijana wa bodaboda hapa Misima, Handeni, ambaye tangu siku ile akinikuta njiani hapiti bila kusimama. Ana simu ya kioo kikubwa kilichopasuka, na humo ananionyesha saa: saa za kijeshi, toleo maalumu, zimetengenezwa chache, zikiisha zimeisha. Ananiamkia, kisha ananiuliza kama hizi zinafaa kununua au mtu anapigwa tu. Anauliza kwa kuwa ananionea huruma, najua, na kwa kuwa anazitamani, hilo nalo najua. Nimekuwa nikimjibu vipande vipande, leo hiki, kesho kile. Hapa nataka nimjibu mpaka mwisho, na wengine wasikie. Shule nimeishia darasa la nne, na mambo mengi huwa siyabishii. Kwa saa nabisha.

Zinafaa. Ila sikiliza kwanza yaliyonipata kwa ile ya mwanzo.

Wakati huo nilikuwa kiwandani, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, na nilikuwa natoka mazikoni Lushoto. Basi liliposimama Mombo, wauza mahindi na wauza nyama wakaja madirishani, na katikati yao mmoja ameinua ubao umejaa saa. Akanichagulia moja. Mkanda wa mabaka, kioo kipana kama kifuniko cha kikombe, ndani wamechora fuvu na bunduki mbili zilizopishana. Akasema hii ni ya makomandoo, zipo chache mno, hutaiona kwa mtu mwingine. Nikampa hela dereva akiwa ameshaanza kuondoa gari. Kabla hatujafika Korogwe nilikuwa nimeiona kwenye mikono ya watu wawili, humo humo ndani ya basi.

Ilikuwa nzito kama kufuli. Jasho la kiwandani likaingia, kioo kikafanya ukungu kama mfuniko wa sufuria ya wali, na asubuhi moja nikakuta mshale mrefu umedondoka, umelala chini pale kwenye sita. Fuvu lilikuwepo. Bunduki zilikuwepo. Saa ndiyo haikuwepo.

Nikaipeleka mjini Korogwe kwa mzee mmoja Mhindi, mwenye duka dogo la saa ambalo baba yake alikuwa nalo kabla yake. Alikuwa na kofia nyeupe ya sala na miwani aliyoiunga kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Akaifungua ile saa kwa kisu chembamba, akachungulia, akaifunga taratibu kama mtu anayemfunika marehemu.

"Kijana wangu," akasema, "hii ni picha ya saa."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alivuta droo ya chini, akatoa kitambaa cha manjano, akakikunjua, na ndipo nilipoiona. Nataka niieleze vizuri, maana sina picha yake.

Haikuwa kubwa. Chuma chake kilikuwa cha rangi ya jivu, hakikung'aa. Yule mzee akasema ni kwa makusudi: askari akivaa kitu kinachong'aa, jua likikipiga anaonekana toka mbali. Uso wake mweusi, namba nyeupe, mishale minene iliyopakwa dawa ya kushika mwanga, ukiingia gizani inakuwa kijani kama macho ya paka. Haikuwa na fuvu wala bunduki. Haikuwa na betri pia. Ndani mna kitu kama nusu ya sahani, mkono ukitembea nacho kinazunguka, kinaikaza saa. Mkono ukipumzika muda mrefu, saa nayo inapumzika. Nikamuuliza, kwa hiyo inakula mwendo? Akasema hasa, inakula mwendo.

Mkanda ulikuwa kitambaa kigumu kama turubai, wa mabaka ya kijani na ya udongo, kipande kimoja kisichokatika, umepita chini ya saa na kurudi. Pini moja ikivunjika, saa haianguki. Kisha akaipindua. Mgongoni walikuwa wamechora watu wawili wamebeba machela, mmoja mbele, mmoja nyuma, na chini yao namba.

Nikauliza ni ya jeshi gani. Akasema la nchi moja ya Ulaya, si la kwetu. Zamani waliwatengenezea wabeba machela wao saa kama hizo, na sasa kiwanda kimerudia chache kwa kuwakumbuka, kila moja na namba yake, na idadi hiyo ikitimia hawatengenezi tena. Mtoto wa kaka yake aliyeko ng'ambo ndiye aliyemletea. Aliiagiza ofisa mstaafu mmoja, halafu ofisa mwenyewe hakurudi kuichukua.

"Mbeba machela hana bunduki mkononi," akaniambia. "Mikono yake yote miwili imeshika mti."

Hilo neno lilinikaa. Nilikuwa nimezoea kudhani kitu cha jeshi lazima kiwe cha kuua. Hiki kilikuwa cha jeshi la kuokota watu.

Akashika pete ya nje inayozunguka kioo, akaizungusha, ikalia tik, tik, tik. Akasema hii watu wanadhani ni urembo. Mtu ameumia, damu inatoka, unamfunga kamba kuizuia. Kamba ikikaa mno, mkono unakufa. Kwa hiyo dakika uliyofunga unaiwekea alama kwa pete hii, na daktari akiuliza, unamwonyesha. Nilicheka kimoyomoyo. Nikasema mwenye duka lazima aongee.

Niliinunua kwa akiba ya bati. Nyumba yetu hapa Misima ilikuwa bado nyasi upande wa jikoni, na masika ilikuwa karibu. Nilipokuja nyumbani mke wangu aliishika, akaipindua, akawaangalia wale watu wa machela, akanirudishia.

"Baba, hii ya vita. Vita yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia hakuna vita.

"Basi mvua ikija ipandishe juu ya paa tuone kama inaziba."

Masika yote yale, kila tone lilipodondoka kwenye chungu chake alikuwa ananiambia sogeza saa hapa. Alikuwa na haki. Nikawa natoka nje kwenda kuitazama peke yangu.

Kiwandani ndiko ilikojionyesha. Maji ya mkonge yanakula kila kitu. Yanakula ngozi, yanakula vifungo vya shati, yanakula bati la choo. Ile saa hayakuila. Vumbi la nyuzi lilijaa kila tundu la mwili, halikuingia mle ndani. Niliigonga kwenye chuma, niliizamisha kwenye mfereji wa kuoshea, na bado jioni ilikuwa inasema ukweli. King'ora cha kumaliza zamu kilikuwa na tabia ya kuchelewa, na wenzangu wakazoea kunitazama mkono kabla ya kukisikiliza king'ora. Msimamizi wa zamu hakuipenda hata kidogo. Alikuwa akinipita ananiuliza, komandoo, leo umeua wangapi.

Huyo msimamizi namtaja. Ndiye aliyeifungua kinga ya chuma iliyokuwa mbele ya korona, akaiegemeza ukutani, kwa kuwa majani yalikuwa yanakwama na yeye alitaka kumaliza mapema. Tulimwambia irudishwe. Akasema waoga warudi kwao wakalime. Leo ana nyumba za kupangisha, anaonekana mjini na tai, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari ya ile kinga. Hata mimi sikumuuliza. Nililala hospitali nikanyamaza, nikatoka nikanyamaza, na kunyamaza kwangu wakakuita kukubali.

Sitaeleza mkono ulivyoingia. Waliolisha korona wanajua, na wasiojua wabaki hivyo hivyo.

Nitaeleza yaliyofuata, kwa sababu hayo ndiyo jibu la yule kijana. Wanaume walisimama wameshika vichwa. Aliyekuja mbio ni mama mmoja wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge zikishaoshwa. Aliziacha zikining'inia uani akaja na nyingine mkononi. Alizisokota hapo hapo, akanifunga juu ya kiwiko, akachomeka kijiti, akakizungusha mpaka damu ikatii. Na mimi pale chini, akilini hakunijia mke wala mtoto. Alinijia yule mzee wa duka. Nikamwambia mama geuza pete ya saa. Akadhani nimerukwa na akili. Nikamwambia tena, geuza, ile alama ije ulipo mshale mrefu. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akageuza. Katika kelele zote zile za mashine niliisikia: tik, tik, tik.

Walinibeba kwenye gunia lililopitishiwa miti miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Hospitalini daktari akauliza kamba imefungwa lini. Kila mmoja akasema lake. Huyu akasema sasa hivi, yule akasema zamani, mwingine akaanza kueleza tulivyokosa gari. Yule mama aliuinua mkono wangu wa kushoto akamwonyesha daktari saa, kidole kwenye alama. Daktari akaitazama, akaanza kuwaharakisha watu. Baadaye alinipitia kitandani akaniambia kwamba kwa ile alama alijua bado ana muda, akakata chini. Angelazimika kubahatisha angekata juu. Mimi udaktari siujui. Najua kwamba kiwiko changu ninacho, na kwamba kwa kiwiko nashika jembe, nabana kuni, nambeba mjukuu. Mtu anayeuliza kama ile saa ilistahili bei yake nampelekea kiwiko.

Kuna jambo jingine ambalo hata yule mzee wa duka hakunieleza, nadhani hakulijua. Niliporudi Misima nilikuwa wa kulala tu. Mkono uliobaki ulilala na mimi, na saa ikasimama. Nikaiona imesimama, nikageukia ukutani. Mke wangu naye aliiona. Asubuhi yake akanivua, akaivaa yeye, imempwaya mpaka karibu na kiwiko, akabeba jembe akaenda shamba. Jioni akarudi na matope mpaka magotini, akaivua, akaniwekea mkononi. Ilikuwa inatembea. Akasema, "Shika mwenzio. Nimeilisha." Akafanya hivyo kila siku mpaka nilipoweza kutoka nje mwenyewe. Mwanamke yule yule wa sogeza saa hapa. Majirani walikuwa wakimtania shambani kwamba amekuwa mwanajeshi, naye anawaambia ndiyo, na mgonjwa wangu yuko kambini.

Ndipo nikajifunza kuivaa kwa mkono mmoja. Mkanda wa ngozi wa kawaida ungenishinda, maana unataka mkono wa pili. Ule wa kipande kimoja unabaki kitanzi. Nilikuwa naiweka ukingoni mwa meza, naingiza mkono kama mtu anayevaa bangili, nainama, nauma ncha ya mkanda, nauvuta, nauchomeka kwenye pete yake kwa ulimi na meno. Mwanzoni nilikuwa nachukua muda mpaka chai inapoa. Baadaye hata kutazama sikutazama. Ncha ya ule mkanda ikafanya alama za meno, vishimo vidogo vidogo, na kimoja kikubwa upande mmoja kwa sababu jino langu la mbele limekaa upande.

Walioijua thamani yake hawakuwa wengi. Mmoja ni Mmasai anayechunga upande wa mbugani, rafiki yangu wa siku nyingi, tunakutana mnadani. Hao watu wanapenda saa na wanazijua. Aliushika mkono wangu akaiweka saa sikioni kwanza, kabla hata ya kuitazama, kama anavyosikiliza tumbo la ndama. Akaniambia, "Rafiki, hii iko hai." Akanipa mtamba. Nikakataa. Akaongeza mbuzi. Nikakataa. Akacheka, akasema vizuri, mtu akikubali kuuza hii, mimi ningeogopa kuinunua.

Mwingine aliyeijua ni mwenyekiti.

Sitamficha. Ni mwenyekiti wa kitongoji chetu, tumecheza wote tukiwa wadogo, na mke wake na wangu wanaazimana chumvi. Alianza kuniomba nimuuzie zamani. Nilipokataa akaomba kuiazima, siku binti yake anaolewa, ili wakwe wamwone nayo. Nikamwambia saa hii siitoi mkononi, siku nikiitoa inasimama. Akasema sawa, mgosi, sawa. Nikaliona lile jicho na sikulisahau.

Halafu likaja tangazo. Tulilisikia redioni: raia wenye nguo za jeshi au zinazofanana nazo wazisalimishe. Hilo halina ubaya, nguo za jeshi ni za jeshi. Lakini hofu ya watu wa kwetu haijui kipimo. Mwenyekiti alipopita na kiroba akisema kila chenye mabaka kiletwe mkutanoni, watu walileta vyote. Kijana alileta jaketi, hilo sawa. Mwingine akaleta kofia, sawa. Bibi mmoja akaleta mwavuli wa kijani usio na baka hata moja. Mama akaleta mkoba wa shule wa mtoto, wenye mabaka ya waridi, akawa anauliza kama na waridi nayo ni ya jeshi. Kuna mtu alimleta mpaka kuku wa madoadoa akitaka kuchekesha, na watu walicheka, lakini nilimwona akimwangalia mwenyekiti kwanza kama itakuwa salama.

Mimi nilikwenda kwa habari nyingine. Pampu ya kisima chetu ilikuwa mbovu, na nilitaka kuuliza itatengenezwa lini. Nikanyoosha mkono ili niruhusiwe kusema. Mkono ni huo mmoja. Mkono wa shati ukateremka.

Mwenyekiti hakuuliza nataka kusema nini. Akasema, "Na hiyo?"

Nikamwambia ni saa.

"Saa ya nini?"

"Ya kutazamia muda."

Watu wakacheka, na hapo nadhani nilimwudhi. Akasema ni saa ya jeshi, kila mtu anajua ni ya jeshi, mimi mwenyewe nimeitangaza miaka yote kwamba ni ya jeshi. Nikamwambia ni jeshi la wazungu, tena la wabeba machela. Akasema jeshi ni jeshi. Nikamwambia, kama ubaya ni mabaka, chukua mkanda, niachie saa, nitaifunga hata kwa katani. Kama alikuwa anataka sheria, mkanda ungemtosha. Akasema vyote viwili. Akaja akanishika mkono. Yaliyofuata nimeshayaandika.

Mke wangu alikuwa kwenye mkutano, upande wa wanawake. Alisimama akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwenyekiti, hicho kitu kinatembea kwa mkono wa mtu. Usikiweke mahali kikafa." Mwenyekiti akamwambia aketi.

Nilisubiri, kisha nikaenda mwenyewe kituo cha polisi. Askari wa mapokezi alinipokea vizuri, akaniita mzee, akanipa kiti. Akasema kiroba cha kwetu kilifika, na vilivyokuwemo vilipita mikononi mwake. Saa haikuwemo. Akanitazama kama anayejiuliza kama nipo sawasawa. "Mzee, sisi tuliagizwa nguo," akasema. "Saa tungeifanyia nini?"

Nikarudi kwa mwenyekiti. Akasema inashughulikiwa. Nikarudi tena, akasema imepelekwa mbele. Mbele wapi, hakusema. Nikarudi tena, akatuma mkewe aseme hayupo, na viatu vyake viko mlangoni.

Nilikwenda mpaka Korogwe kwa yule mzee wa duka. Amezeeka, ila aliponiona hakunitazama usoni wala kwenye mkono uliokatika. Alitazama kifundo cha mkono wa kushoto, akaona alama nyeupe ngozi ilipokuwa imefunikwa. Nikamweleza. Akaniambia namba yake anaikumbuka, ikiletwa kwake ataijua. Nikamuuliza kama yule mtoto wa kaka yake anaweza kupata nyingine. Akatikisa kichwa. Zilikuwa chache, zimeisha. Na huo ndio ubaya wa pekee wa toleo maalumu, kijana wangu wa bodaboda, nao nakueleza usije kusema nilikuficha: ukiibiwa, umeibiwa kabisa. Hakuna duka la kurudi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama wanakuuzia mabaka na fuvu, nunua mahindi. Lakini kama waliotengeneza walikaa wakamfikiria mtu mwenye kazi ngumu, jasho lake, giza lake, damu ya mwenzake, wakaweka kila kitu kwa sababu, basi hata kama ni toleo la kumbukumbu, hata kama vita yake si yako, nunua. Bati nililinunua baadaye, lipo juu ya jiko, halivuji. Halijawahi kuniokoa na kitu kingine zaidi ya mvua. Mke wangu naye, siku nilipomuuliza kama angerudi nyuma angekubali niinunue, alisema, "Ningekununulia mimi."

Sasa huyu mwenyekiti. Siku hizi amekuwa mtu wa mikono mirefu. Jua la Handeni mnalijua. Wanaume wote wako na fulana, yeye amefunga shati mpaka kifundo, upande wa kushoto. Kwenye harusi ya juzi alikula pilau kwa mkono wa kulia, wa kushoto kauweka chini ya meza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu mmoja aliyekuwa anamwagia wageni maji ya kunawa aliniambia aliona ukingo wa kitu cha kijani na cha udongo. Simtaji, asije akaonewa.

Msimamizi wa kiwandani nilimwachia, na kumwachia kule kulinikaa kooni kuliko hata mkono. Huyu simwachii. Sitaki fidia wala sitaki aombe radhi, mengine tutayamaliza sisi kwa sisi, tumekua pamoja. Nataka asimame mbele ya mkutano ule ule, pale pale aliponiinamisha, akunje mkono wa shati lake la kushoto, watu waone. Kama hakuna kitu, nitamwomba msamaha mbele yao. Kama ipo, aipindue wawaone wale wawili wa machela, kisha waitazame ncha ya mkanda, waje walinganishe na meno yangu.

Na asituambie kwamba imewekwa mahali salama. Saa ile haiwekwi. Ikiwa iko kabatini, imesimama, na aseme ilisimamia saa ngapi. Ikiwa inatembea, kuna mkono unaoitembeza. Mwenyekiti, nakuuliza mbele ya wote wanaosoma: mkono wa nani?